LST-325: iendelee kusafiri au ipumzishwe gatini?

Mleta mada:
Wakuu, LST-325 ni meli ya Marekani ya kushusha vifaru, iliyoingizwa majini Philadelphia Oktoba 1942. Siku hizi ni makumbusho huko Evansville, Indiana, kwenye Mto Ohio, lakini karibu kila mwaka hung'oa nanga na kuzuru miji mingine ya mtoni. Wapo wanaotaka safari hizo zikome: chuma kina zaidi ya miaka 80, na kikitoboka hakuna meli ya akiba.

Mimi nasema isafiri. Meli hii iliundwa ipwelewe kwa makusudi, yaani ipande na kukwama ufukoni. Chini ni bapa. Baharini matangi yake hujazwa maji ili itulie. Ikikaribia ufuko maji hayo hupunguzwa, omo (sehemu ya mbele) linainuka, nanga ya tezi (sehemu ya nyuma) inaachwa nyuma ili baadaye iivute kurudi majini. Milango ya omo inafunguka, daraja linashuka, vifaru vinatoka. Katika Vita vya Pili vya Dunia ilifanya hivyo Sicily na Salerno, Italia, mwaka 1943, ikafika ufuko wa Omaha, Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Halafu ikavuka Mlango wa Uingereza zaidi ya mara 40, ikipeleka magari na kurudi na majeruhi. Desemba 28, 1944, Empire Javelin, meli iliyobeba wanajeshi, ilipozama, LST-325 iliokoa watu wapatao 700. Historia hiyo yote ni ya mwendo. Ukizima injini zile mbili za dizeli umebaki na sanduku la chuma lenye urefu wa mita 100.

Mchangiaji:
Ndugu, hisia zako nazielewa, ila huko Muskegon, Michigan, kuna LST-393. Nayo ilipigana Sicily na Normandy, baada ya vita ikawa kivuko cha magari kwenye Ziwa Michigan. Haisafiri, na watu wanapanda na kujifunza. Marekani iliunda 1,051 za aina hii, zilizohifadhiwa zinahesabika kwa vidole. Kwa nini tucheze bahati nasibu na mojawapo? Tena Evansville yenyewe haikuiunda hii. Karakana yao iliunda 167, hii haimo.

Mleta mada:
Kuhusu Evansville uko sahihi, ila watu wa karakana ile walichomelea dada zake, kwa hiyo haipo ugenini. Kuhusu bahati nasibu, hebu kumbuka ilivyorudi. Ugiriki iliitumia kwa jina la Syros kuanzia 1964 hadi 1999, miaka 35, na naamini kutumika huko ndiko kulikoiponya na vyuma chakavu. Mwaka 2000 mabaharia wastaafu wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, waliitoa Krete, wakapita Gibraltar, wakakata Atlantiki majira ya baridi na kufika Mobile, Alabama, Januari 2001. Injini iliyoachwa kimya huganda, na fundi anayeijua kwa kuisikia hapati mrithi. Kijana atajifunza wapi kuiwasha, kwenye picha?

Mahali ninapokubali kurudi nyuma ni hapa: isitoke tena baharini. Mtoni inatosha. Na kila inapopandishwa chelezoni, yaani nje ya maji kwa matengenezo, unene wa chuma upimwe. Siku vipimo vikisema basi, nami nitasema basi. Anayetaka isimame leo atueleze injini zitatunzwaje zikiwa zimezimwa.