Among Us: anayewahi kumtaja mtu ndo imposta?

kijani_mpole: Wadau habari zenu, kwenye hili gemu la Among Us, ambapo maimposta wanaua wenzao kisiri na sisi wengine tunafanya kazi na kupiga kura kuwatoa, kuna kitu kinanisumbua kweli. Kila maiti ikiripotiwa kuna mtu anarukia kwenye chati "ni nyekundu nimemuona" na wote wanampigia kura huyo mchezaji wa rangi nyekundu bila hata swali moja, anatolewa halafu kumbe hana hatia. Huyu anayewahi kuongea ndo wa kushukiwa au tunamuonea?

mlinzi_wa_taa: Kuwahi kuongea siyo ushahidi mkuu, aliyeikuta maiti lazima aseme. Mbane kwa maswali madogo, ulikuwa chumba gani, ulipishana na nani, maiti ilikuwa wapi, mkweli anajibu chap hata kama hajapanga maneno ila muongo anarudia tu "ni nyekundu". Halafu cheki baa ya kazi, ule mstari kwenye skrini unaojaa kazi zikikamilika, mtu akisimama kwenye kazi fupi akaondoka na baa haijasogea basi mshike huyo, labda hosti, yaani aliyeanzisha gemu, awe ameizima.

Shuhuda7: Naongezea hapo, hesabu watu jamani!! Mkibaki 5 jumla na kati yenu maimposta bado 2, kuskip (kutompigia mtu yeyote kura) ni kujimaliza, akiuawa mmoja tu mnakuwa 2 kwa 2, na maimposta wakilingana na nyinyi wameshinda. Hapo lazima kura ipigwe na ipigwe kwa mtu sahihi, ndo maana mapema muwe mnakumbuka nani alimtetea nani.

kijani_mpole: Na aliyefanya kazi ya kuskaniwa medbei, kile chumba cha matibabu, mbele yangu?

mlinzi_wa_taa: Kama ulimuona anaskaniwa kwa macho yako huyo ni msafi, imposta hawezi kuonyesha ile skani. Tembea naye.