Mkopo wa halmashauri kwa vijana wanaotengeneza gemu: wana Tanga mnasemaje?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Kuna vijana hapa Ngamiani wameunda kikundi, wanataka kuomba ule mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Wanataka kufungua kampuni ya gemu za simu. Mimi napinga.

Biashara hii imezika wakubwa. Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, ilianzishwa 1972, na 1976 kampuni ya burudani ya Warner wakainunua kwa dola milioni 28 hivi. Mwaka 1982 wakang'ang'ania gemu ya E.T. iwahi Krismasi, mtengenezaji akapewa wiki kama tano. Ikadoda vibaya. Mwaka uliofuata shehena ya kaseti za gemu, za E.T. zikiwemo, ikafukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, na 2014 watu wakafukua wakazikuta. Midway, wenye gemu yao ya Mortal Kombat, waliomba kinga ya mufilisi 2009.

Hao walichezea pesa zao. Sasa sikieni ya umma: jimbo la Rhode Island, Marekani, liliidhaminia kampuni ya 38 Studios mkopo wa dola milioni 75 mwaka 2010. Mwenye kampuni alikuwa Curt Schilling, nyota mstaafu wa besiboli. Februari 2012 wakatoa gemu moja, na kabla mwaka haujaisha wakafilisika. Deni likawarudia walipa kodi.

Wa Makorora: Mgosi, unatutisha na mabilioni ya wenzio. 38 Studios iliajiri mamia ya watu wakati ile gemu kubwa waliyoitegemea haijatoka. Kikundi cha Ngamiani kitaajiri nani? Angalia Kiro'o Games ya Kameruni: hawakusubiri serikali, walichangisha mtaji kwa watu wa kawaida mtandaoni, na gemu yao ya Aurion ikatoka 2016.

Mleta mada: Basi na hawa wachangishe mtandaoni!

Mwenye banda, Chuda: Mimi nina banda la gemu, niwaambie ninachokiona. Wateja wangu wakisubiri pedi wanacheza PES, ile gemu ya mpira, ya zamani kwenye simu, imewekewa jezi za Simba, Yanga na Coastal yetu. Majina ya wachezaji yapo, mpaka matangazo ya pembeni ya uwanja. Aliyeyaweka si Mjapani, ni vijana wa hapa hapa nchini, wanakesha na kompyuta mbovu. Ila hawawezi kuiuza kihalali, gemu ni mali ya Konami, kampuni ya Japani. Kwa hiyo ufundi upo. Kinachokosekana ni kitu chao wenyewe.

Dada mhasibu, Raskazone: Kaka zangu, mnabishana ufundi, mimi naangalia marejesho. Nimekuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama. Mkopo ule unarudishwa kwa awamu, kikundi kiwe kimeuza au hakijauza. Wa kuku anauza mayai, wa bodaboda anarudi jioni na hesabu. Gemu inaweza kula miaka miwili bila kuingiza hata senti, ikitoka watu wasiipakue. Hata Nintendo, kampuni kubwa ya gemu ya Japani, ilianza 1889 kwa kutengeneza karata, ikala karata miongo mingi kabla ya gemu za video. Kikundi hiki kiombe mkopo wa kazi inayolipa kila wiki: kutengeneza simu, kuwawekea wenye maduka programu za mauzo. Gemu waifanye usiku. Wakiandika gemu peke yake kwenye andiko lao, nami nitasema wasipewe.

Wa Makorora: Dada, hapo nakuelewa. Ila usiku na mgao wa umeme?

Mleta mada: Angalau hoja ya dada ina miguu. Bado mniambie: afisa maendeleo akija kukagua mradi, gemu iliyofika nusu ataijuaje? Kuku anawahesabu.

Mwenye banda, Chuda: Aje nayo bandani kwangu Jumamosi awape watoto. Ikiwa mbovu, dakika mbili nyingi, wameshadai warudishiwe PES yao.