Kisimbuzi au bando? Wana Tanga tuseme ukweli

Mgosi wa Chumbageni: Jamani wana Tanga, mwezi wa pili huu sijalipia kisimbuzi na sijapungukiwa kitu. Dishi lipo juu ya bati, kunguru wamelifanya kijiwe. Ligi naitazama kwenye programu ya simu, nikitaka picha kubwa nachomeka waya kwenye TV. Kwa kisimbuzi nilikuwa nalipia rundo la chaneli na kutazama tatu. Nikienda Muheza wiki nzima, siku zinaliwa TV ikiwa imezimwa. Programu naenda nayo mfukoni. Kwa nini bado tunalipia madishi? Vibanda umiza navyo tuwaachie wahuni. Mnasemaje?

Dada wa Sahare: Kaka, umetaja waya, bando umeliruka. Picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, ukiweka HD inaweza kufika GB 3. Mechi moja na mapumziko yake ni saa mbili. Zidisha kwa mechi za mwezi, ongeza tamthilia za mkeo na katuni za watoto. Kwenye dishi watoto wakikesha na katuni, bei ni ileile. Halafu ukitoka na hiyo simu, wao nyumbani wanatazama nini?

Mama Kibanda, Makorora: Nauliza kwa heshima, wahuni ni nani? Kibanda changu kina umri kuliko hivyo visimbuzi. Mwanzoni mwa 2013 walipozima analojia hapa Tanga, TV za chogo zikabaki chenga tupu mtaa mzima, na king'amuzi kilikuwa pesa. Wazee wenye heshima zao walikuja kwangu saa mbili usiku kutazama taarifa ya habari, nikawapa viti na sikuwatoza hata senti. Hao ndio wahuni? Kiingilio changu shilingi 500. Kijana wa bodaboda hana GB 2, ila mia tano anayo. Nimesomesha watoto wawili kwa hizo mia tano.

Mgosi wa Chumbageni: Mama shikamoo. Sikukulenga wewe. Lakini tusifichane: kiko kibanda mtaani kwetu, ukipita usiku ni moshi wa bangi na matusi, na watoto wa darasa la nne wamo ndani. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema.

Mama Kibanda, Makorora: Marahaba. Ulisema "vibanda", hukusema kile kibanda. Kwangu mwenye sare ya shule haingii, na giza likiingia mtoto nampeleka kwao mwenyewe, nimemshika mkono. Samaki wa mtaani kwenu ameoza, usilimwage tenga langu.

Fundi Dishi, Ngamiani: Mimi limenigusa hilo la kunguru. Dishi lenye kunguru ni dishi lililotelekezwa, usilisingizie. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazorota, wenye programu walikumbuka dishi wote kwa mpigo, simu yangu haikupoa. Mvua kubwa inakata picha, nakubali, wingu likipita inarudi. Ila lawama nyingi za masika ni za LNB, kile kichwa kinacholitazama dishi, kikiingia maji. Au ni ncha ya waya iliyofungwa bila mpira, chumvi ya bahari ikaila mpaka ikawa kijani. Naziona kila wiki. Ukifunga vizuri, masika yanapita unatazama.

Mkazi wa Raskazone: Dada yangu yuko Marekani. Kule walikimbia TV za kebo kama Mgosi anavyolikimbia dishi. YouTube TV, yaani chaneli za TV kupitia intaneti, ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Januari 2025 ikafika dola 82.99. Mwishoni mwa 2025 ikavutana na Disney, chaneli zake za ESPN na ABC zikatoweka kwa wiki mbili msimu wa mpira wao ukiwa umepamba moto. Na huku kwetu je? Haki za kuonyesha Ligi Kuu alizichukua Azam mwaka 2021, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Uingie kwa dishi, uingie kwa programu, mlango ni mmoja na ufunguo anao mmoja. Siku akipandisha bei, Mgosi utakimbilia wapi? Tujadili hilo.

Kimanumanu damu: Marekani imefikaje Makorora? Na hiyo ligi mnayoililia, semeni kweli, nani analipia kwa ajili ya Coastal Union? Mnalipia Simba na Yanga. Timu za nyumbani hamzijui hata namba za jezi. Mtu wa Tanga mahali pake uwanjani Mkwakwani.

Mgosi wa Kaya: We Kimanumanu usinichokoze. Mkwakwani nimeanza kwenda nikiwa mabegani mwa baba. Mechi za Coastal za ugenini ndizo nazolipia, nani ataniona nikipanda basi kila wiki kwenda Mbeya? Kwanza African Sports yako iko ligi gani tujadiliane?

Kimanumanu damu: Ligi gani? Timu ikishuka ndiyo unaihama? Baba yangu na babu yangu wamekufa wakiwa Wana Kimanumanu. Mwenye kupenda kwa sababu ya TV asinifundishe kupenda.

Dada wa Sahare: Jamani bando! Hakuna aliyenijibu la bando.

Mdadisi wa Mikanjuni: Mimi nina swali kwa Mama. Kisimbuzi chako kimelipiwa cha biashara au cha nyumbani? Maana kulipia cha nyumbani ukakusanya mia tano za watu ni wizi.

Mama Kibanda, Makorora: Neno wizi lipeleke kwingine. Leseni yangu iko ukutani, juu ya TV, njoo usome. Na ukija usisimame mlangoni kama unavyofanya siku za dabi, unatazama bure kipindi chote cha kwanza. Nakujua. Nimekunyamazia miaka.

Mdadisi wa Mikanjuni: Mama, niliuliza tu. Naomba radhi.

Mgosi wa Chumbageni: Dada wa Sahare, la bando una haki, nimehesabu yangu ya mwezi jana, nikaacha kuhesabu. Lakini lililonikera ni jingine. Jana natazama mechi na mwanangu. Mpira bado uko kwa kipa wetu, kile kibanda cha mtaani kikalipuka kwa kelele. Nikaangalia saa ya ukutani: sekunde 38 ndipo goli likafika kwangu. La pili likaja hivyohivyo. Baadaye mtoto akaondoka mbele ya TV akaenda kukaa dirishani. Namwuliza unafanya nini huko, ananiambia, "Baba, goli linakuja." Fundi, LNB mpya na kazi yake inaweza kufika shilingi ngapi?

Fundi Dishi, Ngamiani: Panda kwanza utoe kiota, upige picha ile ncha ya waya unitumie. Usinunue kitu kabla sijaiona.