Mabanda ya bidhaa za vijijini Chamanangwe: nani anayakumbuka?

MtotoWaKonde
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nakusanya kumbukumbu za maonesho ya Siku ya Chakula Duniani ya pale Chamanangwe, ambayo huangukia tarehe 16 Oktoba, wakati Pemba nzima inanukia karafuu mbichi. Walimu walitupeleka kwa gari ya shamba, na kilichonivutia zaidi si matrekta bali ni mabanda ya wanavijiji waliokuja na bidhaa zao wenyewe. Waliouza pale wanieleze: mlikuwa mkiweka nini mezani, na je, watu walinunua au walitazama tu?

BiMwani
Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilisimama nyuma ya meza hizo miaka mitatu, pamoja na kikundi chetu cha akina mama wa Micheweni, tukiuza sabuni ya mwani. Mwani ambao siku zote tuliuuza mkavu kwa kilo, tena kwa bei aliyoipanga mnunuzi, tuliusaga ukawa unga, tukauchanganya na mafuta ya nazi na kostiki, tukatia matone ya mafuta ya karafuu, kisha tukakata vipande kwa kisu cha jikoni. Mwaka wa kwanza vipande havikulingana. Mama mmoja alikipima kimoja kiganjani, akakirudisha, akachagua kinene zaidi kwa bei ileile, na haki ilikuwa yake. Tuliporudi nyumbani tulimwomba seremala atuchongee kasha la mbao la kumiminia sabuni, na mwaka uliofuata kila kipande kilikuwa sawa na mwenzake. Waliotazama walikuwa wengi kuliko walionunua, lakini miongoni mwa hao watazamaji walikuwamo wenye maduka, ambao baadaye walitufuata kijijini kuagiza.

MchumajiWaWawi
Mimi nakumbuka banda la makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu. Usiku wa kuchambua karafuu, makonyo hutengwa kando, yakaanikwa, na mwishowe yakapelekwa kiwandani Wawi yakatolewa mafuta kwa mvuke. Lakini sisi wachumaji tulikuwa hatujawahi kuyaona hayo mafuta yenyewe. Pale mezani palikuwa na polo la makonyo makavu na kichupa kilichofunguliwa mfuniko. Marehemu baba yangu, aliyepanda mikarafuu tangu utoto wake, alikinusa kile kichupa, akauliza ni karafuu za daraja gani. Alipojibiwa kwamba ni makonyo matupu, alichukua konyo moja, akalivunja, akalinusa kwa muda mrefu, na akawa hataki kuondoka.

MshonaUkili
Kuhusu manunuzi, mimi na Bi Mwani tunatofautiana kidogo, kwa heshima zote. Mikoba yetu ya ukili, yaani ya miyaa (majani ya mkindu) iliyosukwa, ilikuwa ikimalizika kabla ya alasiri, kwa sababu tulikaa chini tukisuka palepale, na mtu aliyeiona miyaa ya rangi ikipishana mikononi mwetu hakushindana sana na bei.

MtotoWaKonde
Nawashukuru sana nyote. Bi Mwani, shikamoo. Lile kasha la seremala bado mnalo?

BiMwani
Marahaba, mwanangu. Lipo, ila ubao mmoja wa ubavuni tumeubadilisha. Juzi tumemiminia sabuni humo.