Kutofungamana na upande wowote na makaburi ya Kongwa: nimjibu nini mwanafunzi wangu?

Mwalimu wa Kongwa

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha Historia katika sekondari moja wilayani Kongwa, na nimeulizwa swali ambalo kwa wiki nzima sasa nimeshindwa kulijibu kwa namna ya kuniridhisha mwenyewe. Tulikuwa tukizungumzia tarehe 12 Desemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2017 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kutoegemea Upande, nikaeleza kwamba ilichaguliwa kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1995 Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuitambua Turkmenistan kuwa nchi isiyoegemea upande daima. Nikataja Uswisi, ambayo hadhi yake ilitambuliwa na mataifa makubwa ya Ulaya mwaka 1815, na Austria, iliyoitungia hadhi hiyo sheria ya kikatiba tarehe 26 Oktoba 1955. Kisha, kama tulivyozoea sote, nikahitimisha kwamba Tanzania nayo haifungamani na upande wowote tangu enzi za Mwalimu Nyerere.

Binti mmoja wa kidato cha tano, mtulivu, anayekaa safu ya nyuma, akasimama. "Mwalimu, kama sisi hatuna upande, wale waliozikwa pale kambini walikuja kufanya nini?"

Kwa wasioijua Kongwa, hapa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru iliyofunguliwa mwaka 1964, kwenye eneo ambalo Waingereza waliliacha baada ya mradi wao wa karanga kushindwa. Walipita hapa wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola, na ANC ya Afrika Kusini, akiwamo Chris Hani. Baadhi yao hawakurudi kwao. Kesho yake nililipeleka darasa zima makaburini, saa tisa alasiri, upepo ukipeperusha vumbi hadi watoto wakajifunika nyuso kwa masweta, na nikakiri mbele yao kwamba jibu sina.

Naomba mnisaidie. Nchi inayodai kwamba mamlaka yake yasiguswe na mtu, na kwamba hatuingilii mambo ya ndani ya wengine, iliwezaje kuwapa ardhi, chakula na nafasi ya mazoezi watu waliokuwa wakijiandaa kupigana na serikali nyingine, na bado ikajiita isiyofungamana?

Mwanasheria wa Ng'ong'onha

Mwalimu, mwanafunzi huyo umtunze. Nitaanza na lugha yetu wenyewe, kwa sababu imetupa maneno mawili na sisi tumeyachanganya. Kuegemea ni kuinamia upande. Kufungamana ni kufungwa pamoja na mwingine, kiasi kwamba akienda nawe unakwenda. Aliyeahidi kutoegemea ameahidi kwamba vita vikizuka hataegemea popote, hata kama moyoni anajua nani mwenye haki. Asiyefungamana hakuahidi hivyo. Alichokataa ni kufungwa kamba kabla ya safari, na akitaka kuegemea ataegemea, kwa uamuzi wake, katika jambo hilo na kwa sababu zake.

Sheria nayo inafuata mgawanyo huo huo. Mikataba ya The Hague ya mwaka 1907 inasema ardhi ya nchi isiyoegemea haiguswi, lakini inaitwika nchi hiyo wajibu mzito: isiruhusu majeshi yanayopigana kupitisha askari au silaha katika ardhi yake, wala kuandikishia humo wapiganaji. Kwa kipimo hicho kambi ya Kongwa isingekubalika hata kwa siku moja. Ndiyo maana Uswisi ilikaa nje ya Umoja wa Mataifa hadi mwaka 2002, ikihofia kwamba vikwazo vya Baraza la Usalama vingeilazimisha kuchukua upande. Hata hivyo, nisingependa wanafunzi waamini kwamba Uswisi haijawahi kuyumba. Mwaka 1990 ilijiunga na vikwazo dhidi ya Irak ikiwa bado si mwanachama, na tarehe 28 Februari 2022 ilitangaza kufuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi, huku ikikataa risasi zilizotengenezwa kwake zipelekwe Ukraine na nchi zilizozinunua. Na hadhi hiyo si ngao ya kutosha peke yake: Ubelgiji iliwekewa dhamana na mataifa makubwa mwaka 1839, na Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yalipita juu yake.

Sasa turudi kwetu. Katika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963, Ibara ya 3 inaorodhesha misingi saba. Wa pili ni kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Wa sita ni kujitolea bila mipaka kwa ukombozi wa maeneo ya Afrika yaliyokuwa bado yanatawaliwa. Wa saba ni kutofungamana na kambi yoyote. Yote hayo yamo katika ibara moja, na waliotia saini hawakuona kwamba yanagombana, kwa sababu hawakukubali kamwe kwamba Msumbiji ni mambo ya ndani ya Ureno. Msimamo huo ulikuwa na mguu wa kusimamia: Azimio namba 1514 la Baraza Kuu, la tarehe 14 Desemba 1960, lilikuwa limekwisha kutamka kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao. Mamlaka ya nchi, kwa fikra hiyo, ni mali ya watu wa nchi hiyo, na mkoloni hawezi kujificha nyuma yake.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa

Nimesoma maelezo ya mwanasheria nayakubali, ila naona tunazungumza kana kwamba kamba ni za kijeshi tu. Mimi nipo soko la nafaka hapa Kibaigwa na nina shamba la alizeti. Mwaka 2022 nchi yetu haikuwa upande wowote katika vita vya Ukraine, lakini mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi laki moja, mpaka Serikali ilipoleta ruzuku mwezi Agosti. Nilimwona mzee mmoja, jirani yangu wa shamba, akipima mbolea kwa kifuniko cha chupa ya soda, kifuniko kimoja kwa mashimo mawili, ili mfuko umfikishe mwisho wa shamba. Hakuna azimio la mkutano wowote lililomlinda mzee yule.

Wazee wetu walilijua hili. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa imeruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na msaada wao mwingine wote. Desemba mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache wa kizungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukatupita. Ninachotaka wanafunzi wako wakihesabu, Mwalimu, ni hicho: msimamo una gharama, na anayeilipa ni mkulima.

Binti wa Kondoa

Naomba kutofautiana na waliotangulia, kwa heshima. Ikiwa asiyefungamana huamua kila jambo kwa sababu zake, basi anatudai usikivu nasi tunamdai sababu. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura ya kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, na 35 hazikupiga kura ya upande wowote, sisi tukiwa miongoni mwao. Jirani zetu Kenya, ambao nao ni wanachama wa Harakati ya Nchi Zisizofungamana, walikubali. Siku chache kabla, balozi wao Martin Kimani alikuwa amelieleza Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, kwamba tuliirithi ikiwa imegawa ndugu, na kwamba tulichagua kuishi nayo kuliko kumwaga damu kwa kuitafuta mingine.

Mimi ni mjukuu wa mtu aliyekwenda Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1978 Idi Amin aliteka ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kutangaza kwamba ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Viongozi wa Afrika wakaleta usuluhishi, wakizungumza na pande mbili kana kwamba wote wawili wamekosa, na Mwalimu Nyerere akakataa kusuluhishwa kabla uvamizi haujalaaniwa. Tuliumia sana kwa kimya cha wenzetu. Babu yangu alikuwa akilisimulia hilo la kimya kwa uchungu kuliko hata habari za mabomu. Sasa mtu aliyewahi kuumizwa na kimya anaponyamaza, nadhani ana wajibu wa kueleza kwa maneno mengi zaidi kuliko tuliyoyasikia.

Mstaafu wa Chamwino

Binti yangu wa Kondoa, babu yako alikuwa mwenzangu kwa umri kidogo tu, na alichokisema ni kweli. Lakini kumbuka na upande wa pili wa habari ile. Tulipomrudisha Amin ng'ambo ya mto hatukuishia hapo, tuliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na kwenye mkutano wa Monrovia mwezi Julai zipo nchi za Afrika zilizotulaumu waziwazi kwa kuingia katika nchi ya mwingine. Mimi nasema tulikuwa na haki, nami nitasema hivyo mpaka nife, ila siwezi kukuambia kwamba waliolaumu hawakuwa na hoja.

Nilimalizia utumishi wangu Kongo, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na Azimio namba 2098 la Machi 2013, sisi pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Walinda amani kwa kawaida husimama katikati. Sisi tulipewa amri ya kuwatafuta wenye silaha na kuwanyang'anya, na M23, kundi la waasi wa huko, ikasambaratika Novemba mwaka ule. Siku moja karibu na Sake mama mmoja aliyebeba godoro kichwani alisimama mbele ya gari letu, akanitazama ile kofia ya bluu, akaniuliza kwa Kiswahili chao: "Ninyi muko upande ya nani?" Nilimjibu kwamba tupo upande wake. Hakusema kitu, akashika njia.

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, hasa tarehe 7 Desemba 2017, vijana wetu wasiopungua 14 walipouawa kambini kule Semuliki, na tena Januari 2025, M23 walipoingia Goma upya. Hapa Dodoma watu huniuliza, Kongo inatuhusu nini? Mizigo yao inapita bandarini kwetu na barabara yake inapita Dodoma hii hii, na tangu mwaka 2003 tumo katika mkataba wa ulinzi wa pamoja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, unaosema kwamba mwanachama akishambuliwa kwa silaha, hilo ni jambo la wote. Uswisi haiwezi kutia saini karatasi kama ile. Sisi tumetia, na tuliitia saini Dar es Salaam.

Mwalimu wa Kongwa

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni nyote. Leo asubuhi niliandika ile misingi saba ya mwaka 1963 ubaoni na kuwaacha wabishane wenyewe kwa vipindi viwili. Wengi walisimama na mwanasheria, ila wale wanaotoka familia za wakulima walimshika mfanyabiashara wa Kibaigwa na hawakumwachia. Binti yule wa safu ya nyuma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniletea karatasi yenye swali jingine, nami nalipeleka kwa mwanasheria kama lilivyo: "Kama wakati mwingine ni haki kuingia nchi ya mtu, nani anaamua kwamba wakati huo umefika?"

Mwanasheria wa Ng'ong'onha

Kwa maandishi jibu lipo. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, Ibara ya 4 kipengele (h), inaupa Umoja haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu, na uamuzi huo ni wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Jirani peke yake hana mamlaka hayo, hata akiwa na nia njema.

Kwa vitendo, mwambie aitazame Burundi. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha kikosi cha watu 5,000 kwenda huko, na Serikali ya Burundi ikajibu kwamba itakihesabu kuwa jeshi la uvamizi. Wakuu wa nchi walipokutana Addis Ababa mwezi uliofuata hawakukubali kupeleka askari bila ridhaa ya mwenyeji, wakaamua kutuma ujumbe wa kuzungumza. Wakati wanazungumza, Warundi walikuwa wakiendelea kuvuka mpaka kuingia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilikuwa imekwisha kujaa.