Naomba ushauri: masaa 12 kwa siku, siku nne kwa wiki

Wakuu, habari za majukumu.

Kazini kwetu (Tanzania, sekta binafsi) wameleta ratiba mpya: masaa 12 kwa siku, siku nne, kisha mapumziko siku tatu. Binafsi naipenda, maana hizo siku tatu zitanisaidia kwenye malezi.

Nilivyoisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kikomo cha kawaida ni masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Masaa 12, ukijumlisha na muda wa chakula, yanaruhusiwa bila malipo ya ziada, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na siku zisizidi tano. Sisi tumeambiwa kwa mdomo tu.

Kinachonikera zaidi ni chakula. Saa ya kula ipo kwenye karatasi, ila unakula huku simu inaita na mteja amesimama mbele yako. Hapo si tunafika masaa 48 ya kazi kwa wiki, kupita yale 45?

Aliyewahi kudai makubaliano hayo ya maandishi alianzaje bila kuonekana mkorofi? Nimwandikie mwajiri peke yangu au tupitie chama cha wafanyakazi? Hiyo saa ya chakula nayo, ushahidi wake unatunzwaje?