Mzee Mwislamu mwenye dimenshia anachukua kitimoto cha jirani yake mezani. Nimwache?

Mchaga_wa_Leicester
Wadau, habari za saa hizi. Nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza. Tuna mzee wa Unguja, dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, imemkolea. Kiingereza kimeshamtoka, kabaki na Kiswahili, kwa hiyo nikiwa zamu ananing'ang'ania mimi. Nikimpa shikamoo anaitika marahaba, kisha ananiuliza kama boti la Pemba limeshaondoka.

Sasa asubuhi anakaa meza moja na Waingereza. Soseji na bekoni zikifika, mkono huo kwenye sahani ya jirani, anatafuna na kucheka. Wenzangu wanasema mwache, hajui, na vya kumfurahisha siku hizi vichache. Mimi Mchaga, sina ugomvi na kitimoto. Lakini huyuhuyu mzee akisikia adhana kwenye simu ya mwenzetu Msomali huweka kijiko chini, anakunja mikono ya shati hadi viwikoni na kujipangusa uso kama ana maji mkononi. Mtu wa hivyo nimwache ale nguruwe kwa kuwa tu hakumbuki? Na Jumamosi bintiye anakuja. Nimwambie?

Nesi_Mstaafu
Mdogo wangu, hilo si la huruma ya wenzako. Kwa England na Wales ipo sheria ya watu wasioweza kujiamulia, Mental Capacity Act ya 2005. Kifungu cha 4 kinataka anayemwamulia asiyeweza kuamua aangalie matakwa yake ya zamani na ya sasa, pamoja na imani na misimamo ambayo ingemwongoza kama akili ingekuwepo. Familia nayo iulizwe. Mwambie meneja, iandikwe kwenye faili lake, siyo kunong'onezana wakati wa kubadilishana zamu.

Mbishi_Halisi
Mnasema "na ya sasa", halafu ya sasa mnayaruka. Anayekula ni mzee wa leo, na amefurahi. Yule wa zamani mtamuuliza wapi?

Nesi_Mstaafu
Kaka, furaha ya leo ina uzito, sikatai. Ila umejuaje kwamba anataka nguruwe? Huenda anataka tu kilicho kwa jirani, chenye harufu na moto, naye kapewa uji. Wengi wenye ugonjwa huu hawatambui tena kilicho kwenye sahani. Apewe soseji ya ng'ombe ya halali, ya moto, kabla wenzake hawajaletewa, uone kama mkono utaenda kwa jirani. Kumnyang'anya mdomoni usithubutu, utamtia hofu bure.

Ustadh_Tanga
Mzee hana dhambi. Kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Bintiye ayasikie hayo kwanza, atalala usingizi. Ninyi wenye akili zenu ndio mnaoulizwa mlimwekea nini mezani.

Mchaga_wa_Leicester
Asanteni. Mbishi, umenikera lakini swali lako nimelibeba. Meneja kakubali abadilishiwe meza, akae dirishani na yule bibi wa Kihindi asiyekula nyama kabisa. Binti nitamweleza mwenyewe. Ustadh, kuna bekoni za bata mzinga zenye alama ya halali, harufu karibu ileile. Hizo vipi?

Ustadh_Tanga
Mpe. Na umpe nyingi.